Tumekuja Kumwona Mgonjwa

Ukitaka kusikia uongo uliopigwa pasi ukanyooka, muulize mzee wa Sotik kwa nini huamka usiku. Atakwambia ni chai. Hapa kwetu chai ndiyo hubebeshwa lawama zote: tunailima, tunaichuma, tunaitukana kila Oktoba bonasi inapotangazwa, kisha tunainywa kwa birika. Kwa hiyo mtu akitoka nje usiku wa manane kwenda kujisaidia, mshtakiwa yuko tayari. Asiyesema chai atasema baridi. Asiyesema baridi atasema alisikia mbwa akibweka, akatoka kuangalia ng'ombe. Nina jirani ambaye amekuwa akiangalia ng'ombe wake namna hiyo kwa miaka, kila usiku, zaidi ya mara moja, na nina hakika ng'ombe wale wameshachoka kuangaliwa.

Mimi nilikuwa wa chama cha chai. Choo chetu kiko mpakani, kule mistari ya chai inakoanzia, kwa sababu marehemu baba aliamini kwamba choo na jiko havipaswi kusikilizana. Ujanani umbali ule haukuwa kitu. Sasa mvua ya Sotik ikishanyesha tangu alasiri, njia yote ni tope, tochi ya simu imebakiza moto wa kukuonyesha unapoangukia tu, na ukishafika huko hakuna kinachotoka. Unasimama. Unangoja. Unakohoa kidogo, labda kitasikia. Kinakuja kwa matone, kinakatika, kinaanza tena, kama bomba la mradi wa maji wiki moja baada ya uchaguzi. Unarudi kitandani, unavuta blanketi, na hata kabla miguu haijapata joto unaitwa tena.

Mama watoto akinyamaza usidhani amelala. Anahesabu. Asubuhi moja alinimiminia maziwa ya mursik, akaketi, akaniuliza kwa upole wa hakimu: "Mzee, hiyo chai inayokuamsha, unainywa saa ngapi? Maana birika la nyumba hii ninalishika mimi."

Nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Usiku una giza, giza lina heshima zake. Mateso yenyewe ni safari ya Nairobi. Ukipanda matatu Sotik unapita Bomet, na dereva ameshaamua moyoni mwake kwamba binadamu wote wana haja ndogo mara moja tu, nayo ni Narok. Ukimwomba asimame kabla ya hapo, abiria wote wanageuka kukutazama. Kijana mwenye vidude masikioni, ambaye tangu tuondoke hajasikia hata honi, atasikia hilo tu. "Dere, babu amebanwa!" atapaza sauti, kana kwamba amegundua mafuta Turkana. Unashuka, unaelekea kichaka kilicho wazi mbele ya gari zima, na kule nako hakuna kinachotoka.

Nimesoma kuhusu hiki kiungo kinachotutesa, na nina malalamiko na aliyegawa viwanja. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa nyuma imepakana na njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mtu angetarajia kwamba kazi ikipungua, itastaafu kwa heshima na kukaa kimya. Hapana. Uzeeni ndipo inaponenepa, na ikinenepa inaubana mrija ule, ndiyo maana ya kusimama gizani ukikohoa. Madaktari wanasisitiza kwamba kunenepa huko kwa kawaida si saratani. Ni uzee tu unaofanya maonyesho. Saratani ya tezi dume ni jambo jingine, na ubaya wake ni kwamba mwanzoni haina kelele. Haiamshi mtu usiku, haiumi, haichomi. Kwa hiyo jirani mwingine anayejisifu kwamba yeye hulala fofofo mpaka jogoo awike hana cheti chochote mkononi, ingawa hujisifu kana kwamba anacho.

Sokoni dawa ipo. Siku ya soko hapa mjini hakosekani jamaa mwenye kipaza sauti juu ya gari, anayeponya mgongo, kisukari, ukosefu wa nguvu, mikosi na tezi dume kutoka chupa moja. Wazee hawamsogelei, husimama ng'ambo ya barabara wakijifanya wanachagua viazi, masikio yote kwake. Mimi simchukii sana, kwa sababu nyuma ya uongo wake kuna kipande cha kweli. Ule mti wetu wa tendwet, ambao wataalamu huuita Prunus africana, gome lake limesafirishwa kwenda Ulaya kwa miaka mingi kutengenezewa dawa za wazee wa huko waliovimba tezi. Uliandamwa mno misituni mwa Afrika hata mwaka 1995 ukaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Yaani Mzungu wa Paris alikuwa anakojoa vizuri kwa mti wetu huku mimi nimesimama topeni. Lakini hata hao wanaolisifu gome hilo wanasema humpunguzia mtu shida ya mkojo tu. Saratani halitibu. Kipande hicho cha maelezo, kipaza sauti hakikitangazi.

Saratani tunaijua hapa. Eneo hili la Bomet limekuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya umio kiasi kwamba Tenwek, hospitali ya misheni iliyoko tangu 1937, imekuwa mahali ambapo madaktari wanaujifunza ugonjwa huo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliposema mwaka 2016 kwamba kinywaji chenye joto la kuzidi nyuzi 65 huenda kinachangia, tuliudhika kama wakulima na tukapuliza vikombe kama waoga. Na Julai 2019 tulimpoteza Joyce Laboso, aliyekuwa mbunge wetu wa Sotik tangu 2008 kabla ya kuwa gavana wa Bomet. Mwezi huohuo saratani ilimchukua Bob Collymore wa Safaricom na Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Kwa wiki kadhaa watu hawakuzungumza lingine. Kina mama walikwenda kupimwa kwa makundi, wengine kwa gari la kanisa. Sisi wazee tulitoa hotuba.

Hotuba ndiyo kazi yetu. Ukihudhuria mazishi ya mzee upande huu, sikiliza wasifu unaposomwa. Alizaliwa, akaenda jandoni, akaajiriwa kwenye kampuni ya chai, akaoa, akajaliwa watoto na ng'ombe, kisha "akaanza kusumbuliwa na mgongo". Mgongo! Sijui ni migongo mingapi tumeizika. Mtu anaanza kuumwa kiuno, anasema ni kwa sababu ya kubeba vikapu vya majani, anapakwa dawa ya kuchua, anakonda, anaacha kutembea, na siku anapofikishwa hospitali daktari anaona kwenye picha kwamba mifupa imeingiliwa. Saratani ya tezi dume ikiachwa huhamia kwenye mifupa, na uti wa mgongo huupenda sana. Lakini kwenye karatasi ya mazishi huwezi kuandika tezi dume, mchungaji na wakwe wameketi pale. Unaandika mgongo, watu wanatikisa vichwa, wanakula wali.

Wakubwa wa nchi angalau walisema. Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza mwaka 2011 kwamba ana saratani ya tezi dume na kwamba ametibiwa California. Watu walimteta kwa kwenda Marekani ilhali hospitali za nchi zilikuwa chini yake, na mimi niliteta pia, tena kwa sauti. Lakini alilitaja jina la ugonjwa mbele ya kamera, na mwaka uliofuata nchi ikapata sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani. Kwa majirani zetu, Rais Jakaya Kikwete alipasuliwa Novemba 2014 katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, akarudi Dar es Salaam akawaambia Watanzania alichopasuliwa, akawahimiza wanaume wakapimwe. Rais aliyekuwa madarakani! Mzee wa kijijini kwangu alisikia habari hiyo redioni, akasema, "Huyo ana ujasiri," akazima redio, akaenda kuangalia ng'ombe.

Na hapo kwenye ng'ombe ndipo ninapokasirikia ukoo mzima wa wanaume. Ng'ombe wa gredi akikosa kushika mimba, tunamwita daktari wa mifugo. Anakuja kwa pikipiki, anavaa glavu inayofika begani, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kupitia njia ileile ambayo wanaume wa Sotik hawataki hata itajwe. Sisi tumeshika mkia tukizungumza siasa. Hakuna anayecheka. Hakuna anayemtungia ng'ombe wimbo. Akimaliza tunamletea maji ya moto na sabuni na tunamwita mheshimiwa. Sasa mwambie mwenye ng'ombe kwamba kwake yeye ni kidole kimoja tu, tena hakifiki popote. Atakutazama kana kwamba umetukana mama yake.

Mimi nilikwenda. Msinipigie makofi, nilisukumwa. Mama watoto aliwaambia watoto, watoto wakatuma nauli na vitisho. Swali lililobaki lilikuwa niende wapi. Kaplong ni karibu, lakini binamu yangu huwa pale getini. Kapkatet shemeji wa mke wangu ni nesi, na mdomo wake una mtandao mzuri kuliko simu. Longisa nitakutana na watu wa chama cha ushirika. Tenwek kuna nusu ya kwaya ya kanisa letu. Nikatumia akili. Nikapanda matatu ya kuelekea Kisii, nikavuka Chepilat, nikapita Keroka, nikisikia Kipsigis kikipungua na Ekegusii kikiongezeka garini, na kila kilomita moyo ukitulia. Huko, nilijiambia, sijulikani hata na mbwa.

Nikaingia hospitali moja huko, sitaitaja. Nikaulizia kliniki, nikaonyeshwa benchi refu ukumbini. Kwenye benchi lile, mabibi na mabwana, waliketi wazee wa Sotik.

Wa kwanza kuniona alikuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kununua majani. Akafunika karatasi kwa kofia yake. Kando yake alikuwepo yule jirani anayeangalia ng'ombe. Mwishoni kabisa, uso umefichwa kwenye gazeti la juzi, mzee mmoja wa kanisa.

"Umefuata nini huku?" mwenyekiti akaniuliza.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," nikasema. "Na wewe?"

"Mgonjwa vilevile."

"Wodi gani?"

"Ya wanaume."

"Hata wangu."

Tukanyamaza. Jirani akasema kwamba wake pia yuko ya wanaume, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mzee wa kanisa akageuza ukurasa. Kila jina lilipoitwa, mmoja alisimama akasema, "Ngoja nikamwone," akaingia chumba chenye kibao cha kliniki, akatoka baada ya muda akitembea kwa uangalifu, akatuambia mgonjwa anaendelea vizuri. Sijawahi kuona kundi la wagonjwa wasioonekana likipata nafuu haraka namna ile.

Zamu yangu ilipofika nikaingia nikiwa nimejiandaa kukutana na daktari Mgusii nisiyemjua. Kijana aliyevaa koti jeupe akainua macho. "Chamgei, baba," akasema.

Nikasahau hata kuitikia. Ni mtoto wa mtu wa rika langu. Wa Sawe mwenzangu kabisa, tuliotoka naye jandoni. Nilikuwepo kwenye harambee ya karo ya kijana huyu. Nilitoa jogoo, na jogoo yule alinadiwa mpaka akawa na bei ya mbuzi. Kwa mila zetu mtoto wa rika lako ni mtoto wako, kuna mambo hata hupaswi kuyataja mbele yake. Na sasa jogoo wangu alikuwa amesoma udaktari, amerudi kunidai.

Hakuonyesha kitu. Aliniuliza naamka mara ngapi usiku. Nikaanza na chai. Akasubiri. Aliniuliza kama mkojo una damu, kama mifupa inauma. Kisha akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyeugua tezi dume, kwa sababu baba au ndugu yako akiwa ameugua, hatari yako inapanda, na mtu wa namna hiyo hashauriwi kungoja afike miaka 50 ndipo aanze kupimwa. Nikasema hakuna.

"Babu alifariki kwa nini?"

"Mgongo," nikasema.

Akaacha kuandika. Akanitazama, akaandika tena, na safari hii aliandika kwa muda mrefu. Hatukusema zaidi.

Damu ilitolewa kwanza. Hicho ndicho kipimo kiitwacho PSA. Kinapima kiasi cha protini ambayo tezi huitoa kwenye damu. Akanieleza kwamba zamani hesabu ya nne ilichukuliwa kuwa mpaka, lakini mtu asikimbilie kushangilia wala kulia kwa namba moja. Tezi iliyonenepa tu huipandisha. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha. Hata kuendesha baiskeli, na tendo la ndoa katika siku mbili zilizotangulia, huweza kuipandisha. Akaniuliza kama lolote kati ya hayo lilitokea. Nikamwambia baiskeli niliiuza zamani. Akainamisha kichwa, adabu tupu. Jambo analolitaka hasa, alisema, ni kuona hesabu za mwaka huu, za mwaka ujao na za mwaka ule mwingine, zipangwe pamoja aone zinaelekea wapi. Hilo nililielewa bila mkalimani. Nani aliwahi kuijua hali ya shamba la chai kwa kupima kilo za asubuhi moja?

Kisha akasema nivue, nilale ubavu, nikunje magoti, nitazame ukuta.

Tulipotahiriwa, wazee walisimama mbele yetu wakichungua nyuso, wakitafuta kope itakayopepesa, na ukoo mzima ulisubiri habari. Nilitazama mbele nikawa jiwe. Mwaka huo wimbo uliimbwa. Kule Kisii hakukuwa na wazee wala wimbo, kulikuwa na bango linalohimiza watu wanawe mikono, na nilifurahi kwamba angalau limebandikwa. Nikaamua kuonyesha utulivu kwa kuzungumza habari za bonasi. Nikaanza: inakuwaje viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vilipwe zaidi kwa kilo, ilhali mvua ni hiyohiyo na majani ni hayohayo mawili na chipukizi, sijafika hata kwenye gharama ya mbolea, kijana akawa anavua glavu. Kama nilipepesa, ukuta haukusema.

Yangu imenenepa, akasema, lakini ni laini, haina uvimbe mgumu mkononi. Tungoje damu. Damu ilikuja na hesabu iliyomfanya aseme nirudi baada ya miezi kadhaa ipimwe tena, na akanipa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo. Akanionya nisiinuke kitandani ghafla, kizunguzungu. Sasa nalala mpaka karibu alfajiri. Mngetarajia amani nyumbani. Mama watoto amepata lalamiko jipya: kumbe miaka yote hiyo kutoka kwangu nje ndiko kulikokuwa kunampa nafasi ya kulala. Nakoroma, anasema, bila kituo.

Habari zimevuja, bila shaka kupitia mmojawapo wa wale wagonjwa wa wodi ya wanaume. Siku hizi wazee hunijia jioni, mmoja mmoja, gizani, kwa njia ya nyuma ya shamba. Hakuna anayejiulizia mwenyewe. Wote wana rafiki. Rafiki huyo ana matatizo mengi sana na naona anafahamiana na kijiji kizima.

Wiki iliyopita alikuja fundi mmoja mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu anayesoma kila kitu kwenye simu. Akaniambia rafiki yake amesoma kwamba wataalamu wa Marekani mwaka 2012 walishauri watu waache kupimana PSA ovyoovyo. Nikamwambia ni kweli, na mwaka 2018 hao hao wakalegeza, wakasema mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aketi na daktari wake waamue pamoja, na aliyepita 70 asipimwe tu kwa mazoea. Sababu yao si ya kipuuzi: kuna saratani za tezi dume zinazokwenda polepole hata mzee akafa kwa jambo lingine bila kuzihisi, na kumpasua mtu wa namna hiyo ni kumwachia shida ya mkojo na ya chumbani bure. Lakini hao ni watu waliopima mno mpaka wakapata tatizo la kupima mno, na watu weusi, ambao ugonjwa huu huwapata zaidi, hawakujaa sana kwenye hesabu zao. Sisi tatizo letu ni mgongo. Mwambie rafiki yako akazungumze na daktari, nikasema, kuzungumza hakuvuliwi suruali.

Akafikiri. Akauliza kama daktari ni mtu wa huku. Nikasema ni wa huku. Akaguna. Akauliza kama kuna mwanamke chumbani. Nikasema siku ile hakuwepo. Akauliza kama vidole vya kijana ni vinene. Nikamwambia sikuvipima. Akauliza kama inafaa rafiki yake angoje mpaka bonasi ya Oktoba, nikamuuliza tezi ya rafiki yake inauzwa kiwanda gani.

Akanyamaza kwa muda, akizungusha fimbo yake kwenye majani. Halafu akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu ila ng'ombe.

"Na kofia," akasema, "analazimishwa kuvua?"

Nikamwambia kofia anaweza kubaki nayo.